Kaunselingi ya msiba: kwani ni ya nani hasa?

Mjadala wa kaunselingi baada ya msiba ukianza tu lazima atokee mtu aseme mbona sisi tulizika wazazi, hatukuonana na kaunsela yeyote na tuko fiti. Na hadanganyi. Tafiti zimelirudia sana hili, watu wengi wakifiwa wanaumia, wanalia, usingizi unapotea, halafu mdogomdogo wanarudi kwenye maisha yao bila kaunsela wala kidonge. Hata pale wafiwa walipopelekwa kaunselingi wote kwa mkupuo, wanaohitaji na wasiohitaji, faida iliyoonekana ilikuwa kiduchu mno. Kwa hiyo wanaosema huzuni siyo ugonjwa wana hoja, na wasiwasi wao ulizidi 2022 wataalamu wa Marekani walipoingiza huzuni isiyoisha kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, mtu mzima wanampa miezi 12 kabla ya kuiita ugonjwa, wakati Shirika la Afya Duniani linasema 6. Nani kapima huo mwezi wa sita na wa kumi na mbili? Haki yao kuuliza.

Ila hapo kwenye "watu wengi" ndo nakwama. Uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa, wa 2017, ulikuta kwenye vifo vya kawaida karibu mtu mzima 1 kati ya 10 huzuni inamgandia. Mmoja kwa kumi unaona kidogo ukiwa wewe uko na wale tisa. Lakini kifo kimoja kinaacha wangapi? Mume au mke, watoto, mama, ndugu, rafiki wa tangu utotoni, unafika kumi hujamaliza hata ukoo. Na hapo ni vifo vya kawaida, ukija kwenye ajali, mauaji au kujiua namba inapaa. Sasa huyo mmoja anapimwa kwa mzani wa wale tisa, anaambiwa jikaze bwana, wenzio mbona wamekubali, basi ananyamaza. Simu ya marehemu anaichaji mpaka leo na ni mwaka wa tatu, anazunguka njia ndefu asipite ile hospitali, ukimuuliza vipi anasema nipo tu. Kumwambia muda utamponya ni ajabu kidogo, huo muda si ndo keshaupewa?

Na kaunselingi yenyewe wengi wanadhani ni kukaa mkaliliana. Kuna jaribio la 2005 kule Marekani lilichukua watu waliogandiwa hivyo, wote wakapewa vikao 16, kundi moja tiba ya mazungumzo ya kawaida ya sonona (depression), kundi lingine tiba iliyotengenezwa kwa ajili ya huzuni yenyewe: unafumba macho unasimulia ile siku ya kifo, inarekodiwa, unaenda kuisikiliza nyumbani, unaongea na marehemu kama yupo mbele yako, unarudi taratibu kwenye yale unayoyakwepa. La kwanza walipata nafuu asilimia 28, la pili 51. Mimi hiyo tofauti siwezi kuipuuza, japo ndiyo, karibu nusu hata hiyo tiba haikuwasaidia vya kutosha.

Kinachonitatiza zaidi kuliko hoja zote za wapinzani ni hivyo vikao 16. Ni miezi kadhaa, ni hela, na ni kaunsela aliyefundishwa kitu hicho hasa, siyo mwenye cheti chochote tu. Huyo hapatikani kirahisi.