Shoro wa Amani na shoro wa Njesi: ndege mmoja au wawili?

Ukisimama Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma liko lote chini yako na ng'ambo ni Msumbiji. Mto huo haujawatenga watu. Wamakonde wako huku na kule, wanaoana na kuzikana. Basi mtu atauliza: shoro mdomo-mrefu, Artisornis moreaui, ndege mdogo wa kijivu wa Amani kule Usambara Mashariki, ana tofauti gani na yule wa safu ya Njesi, mkoani Niassa, kaskazini mwa Msumbiji?

Wa Amani alipewa jina la kisayansi mwaka 1931. Wa Njesi alipatikana 1945, kisha wataalamu hawakumwona tena hadi 2001. Orodha nyingine za ndege zinawahesabu spishi moja, nyingine mbili.

Wanaosema ni mmoja hawabahatishi. Umbo ni lile lile, mdomo ule ule mrefu na mwembamba wa kuchokolea wadudu ndani ya mitambaazi iliyosongamana. Wanaonya pia kwamba kugawa spishi kwa kutegemea vielelezo vichache ni kujitafutia marekebisho baadaye.

Upande wa pili unataja umbali: zaidi ya kilomita 900, na sehemu kubwa ni miombo mikavu ambayo ndege wa msitu mbichi hapiti. Hoja hiyo pekee hainitoshi. Uluguru na Udzungwa ziko katikati, zina ukungu na misitu, na binamu yao mwenye kichwa chekundu, Artisornis metopias, anaishi huko. Mdomo-mrefu hayuko. Kwa hiyo si ukame tu. Inaelekea hawa ni masalia wawili wa ukoo uliokwisha katikati, na masalia yaliyoachana muda mrefu hivyo mimi nayahesabu mawili.

Nasi wa kusini-mashariki mwa Tanzania tuna kesi kama hiyo. Batisi, ndege mdogo wa msituni aliyeelezwa na mtaalamu wa ndege Grote mwaka 1911 kutoka Mikindani, anaishi kusini-mashariki mwa Tanzania, uwanda wa Rondo huko Lindi ukiwemo. Naye wapo wanaomwita spishi kamili, na wapo wanaomwona tawi tu la batisi wa misitu ya kaskazini. Akibaki tawi, msitu wa Rondo na mingine anamoishi ikifyekwa yote, vitabuni itaendelea kuandikwa kwamba spishi ipo.