Masomo ya Nyumbani Yanastahili Heshima Tunayoyanyima

Wiki iliyopita daktari mwenzangu, bingwa wa urolojia, yaani tiba ya njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamume, ambaye ningemkabidhi ndugu yangu amfanyie upasuaji bila kusita, aliniomba majibu ya maswali yanayofunga somo la kusoma nyumbani kuhusu mawe ya ureta, yaani mrija unaopeleka mkojo kutoka figo hadi kibofu. Aliomba waziwazi, bila kunong'ona, kwa kuwa ombi la namna hiyo limekwisha kuwa jambo la kawaida miongoni mwetu: alihitaji pointi za elimu endelevu kabla ya kuhuisha leseni yake, somo lilikuwa refu, na maswali yalikuwa machache. Nilimkatalia kwa upole, na hatukugombana. Hata hivyo uchungu haukuniisha, kwa sababu naamini kwamba kusoma nyumbani ndiyo njia bora tuliyo nayo ya kumfanya bingwa aliyehitimu zamani aendelee kuwa bingwa, na naamini vilevile kwamba sisi tunaosoma, pamoja na wale wanaotuandalia masomo, ndio tunaoiharibu njia hiyo.

Tulitazame somo lenyewe aliloomba majibu yake. Kwa miaka mingi tumewapa wagonjwa wenye mawe ya ureta tamsulosin, dawa inayolegeza misuli ya mrija huo, kwa matumaini kwamba jiwe litashuka lenyewe, na tafiti ndogo ndogo zilituunga mkono. Mwaka 2015 ukachapishwa katika jarida la Lancet utafiti wa Uingereza uitwao SUSPEND, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,100 waliogawanywa kwa nasibu kati ya tamsulosin, nifedipine ambayo nayo hulegeza misuli, na kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani yake, na baada ya wiki nne idadi ya waliohitaji matibabu zaidi haikutofautiana kwa namna yenye maana. Ungedhani hoja imefungwa, lakini haikufungwa. Mawe mengi katika utafiti ule yalikuwa madogo, yale ambayo hutoka yenyewe hata bila dawa, na miongozo ya Ulaya imeendelea kuipa nafasi dawa hiyo kwa jiwe lililo sehemu ya chini ya ureta likiwa na ukubwa unaozidi milimita 5. Daktari aliyesoma somo lote anajua kwa nini mgonjwa mmoja apewe dawa na mwingine aelezwe kwamba haitamsaidia. Aliyenakili herufi ya jibu sahihi hajui upande wowote wa hoja hiyo, na kesho asubuhi mgonjwa anayejikunja kwa maumivu atamkuta hivyo hivyo alivyokuwa jana.

Wapo wazee wetu wa taaluma wanaosema kwamba kusoma nyumbani ni elimu ya daraja la pili, na kwamba elimu ya kweli hupatikana kwenye makongamano. Nawaheshimu, lakini katika hili nawapinga kwa nguvu zangu zote. Fikirieni matokeo ya miaka 15 ya utafiti wa ProtecT yaliyotolewa mwaka 2023. Wanaume 1,643 waliogunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyokuwa bado haijatoka nje ya tezi waligawanywa kati ya ufuatiliaji wa karibu, upasuaji na mionzi, na waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa 45 tu, yaani asilimia 2.7, bila tofauti ya maana kati ya makundi matatu. Kongamanoni takwimu hiyo hukaa ukutani kwa muda mfupi, ukumbi ukashangilia, na mzungumzaji akaendelea na picha inayofuata. Anayesoma nyumbani anaweza kusimama hapo. Anageuza ukurasa na kuona kwamba saratani ilisambaa mwilini kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, ikilinganishwa na asilimia 4.7 ya waliofanyiwa upasuaji na asilimia 5.0 ya waliopigwa mionzi. Anarudi kwenye jedwali la kwanza na kugundua kwamba wengi wa wanaume wale walikuwa na saratani ya daraja la chini, kwa hiyo hana ruhusa ya kumtuliza kwa takwimu hizo mgonjwa wake mwenye saratani kali. Anajiuliza pia jinsi ufuatiliaji wa wakati ule, uliotegemea zaidi mwenendo wa PSA, protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, unavyotofautiana na wa leo unaotumia kipimo cha MRI na kuchukua tena sampuli za tezi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayobadili maneno utakayomwambia mgonjwa, na yote yanahitaji mtu aliyeketi peke yake, kimya, mwenye uhuru wa kurudia sentensi moja mara nyingi kadiri anavyotaka.

Nakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba mikono haifundishwi kwa kusoma. Hakuna aliyejifunza kung'oa tezi dume kwa leza ya holmium akiwa sebuleni, na anayetaka kuanza kuchukua sampuli za tezi kupitia msamba badala ya puru lazima asimame kando ya anayejua. Lakini hata hapo, uamuzi wa kuiacha njia ya puru hautoki mikononi. Hutoka katika kuelewa hatari ya maambukizi, usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki za kundi la fluorokwinoloni, na masharti makali ambayo Tume ya Ulaya iliyawekea dawa hizo mwaka 2019, na hayo yote ni mambo ya kusoma.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi, ambacho ni namna masomo haya yanavyoundwa. Mara nyingi unapewa makala, na chini ya makala hiyo hiyo yapo maswali, na ukishayajibu huku makala ikiwa wazi mbele yako, cheti kinatoka papo hapo. Mpangilio huo unapima uwezo wa jicho kutafuta neno katika ukurasa. Haupimi kama daktari atakumbuka jambo hilo baada ya miezi miwili, usiku, akiwa amechoka na mgonjwa akiwa mbele yake. Na wala hatuwezi kusema kwamba njia nyingine haijulikani, kwa kuwa aliyeionyesha ni mwenzetu wa fani hii hii. B. Price Kerfoot, daktari wa urolojia wa Boston, alichapisha mwaka 2012 utafiti uliowaandikisha madaktari 1,470 kutoka nchi 63, ambao walipokea kwa barua pepe maswali machache machache kuhusu miongozo ya urolojia. Swali ulilokosa lilirudi baada ya siku 12, na ulilopata lilirudi baada ya siku 24, ili kuhakikisha kwamba hukubahatisha. Hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na tiketi ya ndege, na mtu alijibu kabla ya kuanza kazi ya siku.

Utafiti wake wa mwaka 2010 unanigusa zaidi, kwa sababu haukuishia kwenye alama za mtihani. Matabibu wa hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani walitumiwa maswali ya aina hiyo kuhusu matumizi ya kipimo cha PSA, kisha zikaangaliwa rekodi za vipimo walivyoagiza. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya barua kukoma, waliopata mafunzo hayo waliendelea kuagiza vipimo visivyofaa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Nimekwisha kuhudhuria mihadhara mingi mizuri kuhusu PSA, na nina hakika kwamba michache sana kati yake iliacha alama ya namna hiyo katika matendo ya wasikilizaji, nami nikiwa mmojawao. Uchambuzi uliochapishwa katika JAMA, jarida la tiba la Marekani, mwaka 1999 ulikwisha kutuambia kwamba mihadhara ya kusikiliza tu haionekani kubadili utendaji wa madaktari, na kwamba kinachoweza kuubadili ni mafunzo yanayomlazimisha mtu kushiriki. Swali linalorudi linakulazimisha kushiriki.

Lipo pia suala la nani anachagua somo. Anayetibu mawe husoma mawe, na anayetibu saratani ya kibofu husoma saratani ya kibofu, kwa kuwa kusoma unachokijua kunafurahisha. Uchambuzi mwingine wa JAMA, wa mwaka 2006, ulionyesha kwamba madaktari hawana uwezo mkubwa wa kujipima wenyewe, na kwamba kwa baadhi ya tafiti waliokuwa na ujuzi mdogo zaidi na waliojiamini zaidi ndio waliokosea zaidi. Kwa sababu hiyo naithamini sana programu ya kujipima ya Chama cha Urolojia cha Marekani, yenye maswali 150 kila mwaka yanayogusa fani nzima, kuanzia ugumba wa wanaume hadi korodani zisizoshuka za watoto wachanga. Maswali ya namna hiyo humwonyesha mtu shimo ambalo yeye mwenyewe asingelitafuta.

Kuhusu muda, sitasema mengi, lakini nitasema kwa uzito. Mwajiri anayempa daktari ruhusa ya siku kadhaa kwenda kongamanoni, akamlipia na nauli, huyo huyo haoni haja ya kumtengea saa mbili kwa wiki za kusoma. Somo la nyumbani huachiwa usiku, baada ya zamu, kwa gharama ya watoto wanaosubiri kuonana na mzazi wao. Katika hali hiyo namwelewa mwenzangu aliyeomba majibu, ijapokuwa siwezi kumpa.

Nawaomba basi wanaoandaa masomo haya wafanye mambo mawili ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, wayatenganishe maswali na makala, wayatume baada ya wiki mbili, kisha wayarudishe tena baada ya mwezi, na cheti kisitoke kabla ya hapo. Pili, kila somo limwombe daktari awatazame wagonjwa wake mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita wenye tatizo lililosomwa, aandike wangapi aliwatibu kama mwongozo unavyoelekeza, wangapi hakuwatibu hivyo, na kwa sababu gani. Orodha hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Tutakaolalamika kwamba cheti kimechelewa tutakuwa wengi, na naomba waandaaji wasitusikilize.