Kupima Ukuaji wa Manusura wa Vita: Alama Moja kwa Jamii Nyingi?

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha dodoso la kauli 21 linalopima “ukuaji”, yaani mabadiliko mema ambayo mtu huyaona maishani mwake baada ya kupatwa na jambo zito. Kila kauli hupewa alama 0 hadi 5, katika maeneo matano: uhusiano na watu, fursa mpya, nguvu binafsi, imani, na kuthamini uhai. Waliojibu mwanzoni walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, lakini baadaye dodoso lilitafsiriwa katika lugha nyingi na kupelekwa hadi kwa manusura wa vita. Naona lina kazi ya maana ndani ya jamii moja, ila alama zake hazifai kutumiwa kulinganisha jamii na jamii.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Kwa miaka mingi manusura waliulizwa habari za jinamizi, hofu na kukosa usingizi tu, kana kwamba vita havikuwaachia kingine chochote. Tena kipimo hiki kimeweza kuleta majibu yasiyopendeza: utafiti wa Steve Powell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta ukuaji mdogo miongoni mwa watu wa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, waliokuwa wakimbizi au waliohamishwa na vita, na kwa jinsi walivyozijibu, kauli zikajipanga katika makundi matatu badala ya yale maeneo matano. Bila kupima, tungeendelea kuamini kwamba mateso humkomaza kila mtu.

Ugumu niliuona hapa Mwanza, katika soko la Mwaloni, Kirumba, nilipomsomea kauli hizo kwa Kiswahili mzee mmoja muuza dagaa, aliyevushwa Mto Kagera kwa mtumbwi mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Nilipofika kwenye kauli ya kujigundua kuwa na nguvu kuliko alivyodhani, aliacha kuchambua dagaa wake akanitazama. “Nguvu zangu, mwanangu? Mimi nilibebwa. Waliokuwa na nguvu ni wale wapiga kasia.” Kwenye kauli ya imani kuongezeka alisema hajawahi kuiacha sala, basi iongezeke vipi? Kwa kanuni za dodoso hiyo ni 0, sawa na mtu asiyejali dini kabisa.

Kasoro ya imani ilishughulikiwa mwaka 2017, kauli zilipoongezwa kufika 25 baada ya utafiti uliohusisha Marekani, Uturuki na Japani. Hilo ni jema, lakini kauli nyingi bado zinaanza na “mimi”, hata pale ambapo aliyeumia na aliyeinuka ni “sisi”.

Lipo pia tatizo lisilohusu utamaduni: mjibuji anatakiwa akumbuke alivyokuwa kabla, ajilinganishe na alivyo leo, kisha aamue ni kiasi gani cha tofauti hiyo kimetokana na vita. Patricia Frazier na wenzake walionyesha mwaka 2009, kwa wanafunzi waliopimwa kabla na baada ya tukio, kwamba ukuaji ambao mtu anadhani ameupata haulingani sana na mabadiliko yaliyopimwa. Wapo wanaosema sehemu ya majibu hayo ni kujifariji. Hata kama ni hivyo, sioni ubaya wa mtu kujifariji. Ubaya utakuja pale ofisa atakapoichukua alama ya juu kuwa sababu ya kupunguza msaada.

Kwa hiyo ningependa kazi ya kwetu ianze na maneno ya watu wenyewe wa Kyaka, Bukoba na Mwanza kuhusu mtu aliyebadilika, kauli zitungwe kutokana na hayo, na ndugu zake nao waulizwe. Yule mzee, kwa kauli ya kuwahurumia wengine, alijibu “kawaida tu” akajipa 1, maana kujisifu mbele ya mgeni ni aibu. Mkewe, aliyekuwa akifunga gunia pembeni, alisema kwamba tangu alipoolewa naye hajawahi kuona mtu akibisha hodi usiku kwao akarudishwa, hata kama chakula kimekwisha.