Deni la hadithi za kisayansi kwa visasili vya kale

Kuna kauli inayorudiwa mno na wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, kwamba utanzu huo si chochote ila visasili vya kale vilivyobadilishwa majina: miungu imekuwa viumbe wa sayari nyingine, farasi wenye mabawa wamekuwa vyombo vya angani, na uganga umekuwa teknolojia. Upande wa pili wapo wahakiki wanaoikataa kauli hiyo kabisa. Mashuhuri miongoni mwao ni Darko Suvin, aliyeshikilia katika kitabu chake cha mwaka 1979 kwamba visasili na hadithi za kisayansi vinapingana, kwa sababu kisasili huichukulia hali ya binadamu kuwa imekwisha kuamuliwa na nguvu zilizo juu yake, ilhali hadithi ya kisayansi huichukulia kuwa jambo linaloweza kuchunguzwa na kubadilishwa. Kila upande una hoja, lakini naona wengi wanaoujadili uhusiano huu huhesabu mifanano ya vitu, na hawaulizi kisa kinamtaka msomaji afikirie nini.

Mfano unaotajwa sana ni Talos wa visasili vya Kigiriki, jitu la shaba lililolinda kisiwa cha Krete kwa kukizunguka mara tatu kila siku na kuzipiga kwa mawe merikebu zilizokaribia. Kwa mujibu wa baadhi ya masimulizi, mwili wake ulikuwa na mshipa mmoja tu, kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, uliozibwa kwa msumari; msumari ulipochomolewa, umajimaji uliompa uhai ulimwagika wote akafa. Msomaji wa leo huona hapo roboti ya ulinzi, yenye kazi iliyopangiwa na mahali pa kuizimia. Mwanahistoria Adrienne Mayor, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, ametetea kwa ustadi wazo kwamba Wagiriki walikwisha kuwaza viumbe waliotengenezwa badala ya kuzaliwa, na ushahidi wake hauishii kwa Talos: katika utenzi wa kale wa Kigiriki, Iliadi, Hephaestus, mungu wa wahunzi, anasaidiwa na vijakazi wa dhahabu wenye akili na sauti, na vigoda vyake vyenye magurudumu hujiendesha vyenyewe hadi kwenye baraza la miungu.

Hoja hiyo ina nguvu, ila ina ufa. Mshairi Apollonius wa Rhodes, aliyeisimulia habari ya Talos kwa urefu katika karne ya 3 kabla ya Kristo, hasemi kwamba jitu hilo lilifuliwa na fundi. Analiita mabaki ya kizazi cha kale cha watu wa shaba, na anayeliangusha ni mchawi Medea kwa uchawi wa macho yake, hata likajikwaruza kifundo kwenye jiwe. Simulizi inayomfanya Talos kuwa kazi ya mikono ya Hephaestus ipo, lakini ni moja kati ya kadhaa, na anayemwita roboti ya kwanza huwa amekwisha kuichagua hiyo na kuziacha nyingine. Pwani ya Waswahili nayo ina Fumo Liongo, ambaye hakuna silaha iliyoweza kumuua isipokuwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Mfanano wake na Talos unashangaza, na bado hakuna anayemwita Liongo mashine. Kisa chake hakimshughulishi msikilizaji na namna shaba inavyofanya kazi ndani ya mwili. Kinamshughulisha na siri iliyotoka, na mwana aliyeziamini ahadi za mtawala kuliko damu ya baba yake. Kuwa na mahali pamoja dhaifu mwilini, basi, si ushahidi wa ukoo.

Ukoo wa kweli unaonekana pale mwandishi mmoja alipomsoma mwingine. Mwandishi Lucian wa Samosata, katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika kisa cha merikebu iliyonyanyuliwa na kimbunga hadi mwezini, ambako mfalme Endymion anapigana na Phaethon, mfalme wa jua, kwa sababu Endymion anataka kupeleka watu wake wakaishi kwenye Nyota ya Asubuhi na mwenzake hataki. Vita vya kugombea makoloni ya angani, karne nyingi kabla ya roketi! Lakini Lucian anatangaza mapema kwamba kila analolisimulia ni uongo, na shabaha yake ni kuwakejeli wasafiri na wanahistoria waliodai kuyaona wasiyoyaona.

Mwanafalaki Johannes Kepler alikisoma kisa hicho, na kitabu chake kidogo kuhusu mwezi, kilichochapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake, ndicho ninachokiona kuwa kipimo kizuri zaidi cha mjadala huu. Anayembeba msafiri ni pepo, tena pepo aliyeitwa na mama mjuzi wa mitishamba. Hadi hapo tumo ndani ya kisasili. Lakini mapepo hao huwakataa abiria wanene, humlaza msafiri kwa afyuni ili mshtuko wa kurushwa usimvunje viungo, na humwekea sponji zenye maji puani kwa kuwa huko juu kuna baridi kali na hewa haivutiki. Husafiri wakati wa kupatwa kwa mwezi, ndani ya kivuli cha dunia, kwa muda wa saa nne. Kepler aliyaongezea masimulizi hayo maelezo 223, mengi yakiwa ya fizikia na falaki. Mama yake mzazi, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi na kufungwa zaidi ya mwaka mmoja, na Kepler aliamini kwamba mswada wa kitabu hicho uliozagaa ulichangia masaibu hayo. Kitabu hiki hakigawanyiki. Ukimwondoa pepo safari haipo, na ukiziondoa sponji unabaki na hekaya ya mazimwi tu.

Mary Shelley naye hakuficha deni lake: jalada la riwaya yake ya mwaka 1818 linamwita Frankenstein, mwanasayansi anayeumba kiumbe hai, Prometheus wa kisasa, akikusudiwa yule aliyeiba moto wa miungu na ambaye, kwa mshairi wa Kirumi Ovid, anasemekana kumfinyanga mtu kwa udongo. Lakini mwaka 1803 mwanasayansi Giovanni Aldini alikuwa amepitisha umeme katika maiti ya mtu aliyenyongwa jijini London, taya likatetemeka na jicho moja likafumbuka, kwa hiyo wasomaji wa Shelley walikuwa na sababu ya kujiuliza kama jambo hilo haliwezekani kweli. Zaidi ya hayo, Prometheus anaadhibiwa na Zeus, mkuu wa miungu, ilhali Victor Frankenstein haadhibiwi na mungu yeyote. Balaa lake linaanza usiku ule anapokikimbia kiumbe alichokiumba mwenyewe, na lawama yote inabaki kwa binadamu. Badiliko hili ni kubwa kuliko kubadilisha majina.

Hapo Suvin anaelekea kushinda, ila kwa gharama. Tukidai kwamba kila hadithi ya kisayansi ijitenge na visasili na ieleze mitambo yake, tutazitupa nje kazi nyingi zisizostahili kutupwa, ikiwemo *Walenisi* ya Katama Mkangi, riwaya ya Kiswahili ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani hadi sayari yenye jamii ya haki na usawa. Kwa kipimo cha sponji za Kepler chombo hicho hakifui dafu, na safari yenyewe inafanana na zile safari za kale za kwenda nchi ya mbali isiyo na dhiki. Hata hivyo msomaji haachwi akitamani paradiso ya mbali. Anarudishwa kuitazama serikali yake, mahakama zake na matajiri wake, akijua kwamba vimewekwa na watu na vinaweza kuondolewa na watu.