Kagera waliila sikukuu kwenye handaki

Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi akaweka sime. Sina ugomvi na siku hiyo. Ila ukitaka kumwelewa mzee aliyepigana vita vya Kagera, vile vya 1978-79 dhidi ya Uganda ya Idi Amin, gwaride halitakusaidia. Nenda kwake sikukuu.

Baba yangu mdogo, mstaafu wa jeshi anayeishi huku Chamwino, Dodoma, hagusi pilau la Krismasi mpaka aletewe maharage. Ya kuchemsha tu, hayajaungwa, yamepoa, kwenye sahani ya bati. Anakula vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani pembeni, ndipo anauliza, "Haya, nyama iko wapi?" Wajukuu wanacheka. Mama mdogo zamani alikuwa akinuna, akidhani mapishi yake yanadharauliwa.

Krismasi ya 1978 ilimkuta baba mdogo mpakani, mvua inanyesha, Mutukula bado iko mikononi mwa majeshi ya Amin na mizinga inaunguruma. Kwao kuwasha moto usiku ilikuwa marufuku, kwa hiyo maharage yaliliwa ya baridi. Wenzake Waislamu Idi el-Hajj ya Novemba iliwapitia wakiwa njiani kwenda Kagera. Pasaka ya 1979 iliangukia Aprili 15, siku nne baada ya Kampala kutekwa. Wakajua sasa tunarudi nyumbani, kumbe kaskazini mwa Uganda vita vilikuwa bado, mpaka Juni.

Na waliorudi walikuta Mwalimu Nyerere ameomba wananchi wafunge mkanda miezi 18, na sukari ni ya kupangia foleni. (Wengine walibaki Uganda hadi 1981, na hao nao foleni waliikuta bado ipo.)

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo anagonga 70. Desemba tunajaa vijijini na simu zetu, tunarekodi keki na watoto waliovaa nguo mpya, mzee kakaa pale pale kivulini hakuna anayemwelekezea kamera. Mrekodi na yeye. Tafadhali usimuulize aliua wangapi, ni swali la kijinga na wala hatakujibu. Muulize walikula nini, nani alipika. Mimi nilimuuliza baba mdogo habari za mpishi wao, akaongea mpaka magharibi, na nusu ya mazungumzo ilikuwa juu ya sufuria iliyoibwa na kikosi jirani. Mpaka leo hajawasamehe.