Kiuno na kutembea

Asante mwandishi kwa makala yako ya kutembea ili maumivu ya kiuno yasirudi haraka, na kwa kutuletea utafiti wa Australia uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2024. Watu 701 waliokuwa wametoka tu kuugua kiuno: walioelekezwa kutembea walikaa siku kama 208 kabla maumivu kurudi, wenzao ambao hawakuelekezwa, siku 112. Si haba!

Mimi ni fundi cherehani hapa Nyalenda, Kisumu, kutwa nimeinamia mashine. Mwaka jana kiuno kilinishika hata viatu nikawa navalishwa na binti yangu. Nilishauriwa nilale tu, nami nikalala wiki mbili nikaamka mgumu kama ubao. Ndipo nikaanza kutembea, kwanza dakika tano, mpaka kwa muuza mandazi na kurudi. Sasa nashika njia ya Dunga alfajiri, nusu saa, siku tano kwa wiki, raba miguuni badala ya malapa (malapa yalinichelewesha sana).

Ila ungeongeza hili: mtu akifa ganzi mapajani kwa ndani au akishindwa kuzuia mkojo, hapo si pa kutembea. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kaunti itutengee njia za miguu, bodaboda zimetumaliza.