Baridi Kwanza, Moto Baadaye

Nilikuwa nimemimina birika zima la maji ya moto kwenye beseni, mvuke unafuka. Nikageuka kuchukua ndoo ya maji ya baridi, hatua nne tu. Kurudi, namkuta mwanangu wa mwaka mmoja na nusu ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, mguu mmoja uko hewani. Nilimdaka kiunoni. Hakuguswa hata na tone, ila mimi magoti yaliniishia nguvu, nikaketi palepale kwenye sakafu iliyolowa.

Tangu hapo naudhika nikisikia mtoto fulani kaungua na maji ya kuoga "kwa bahati mbaya". Bahati gani? Mtego niliutega mwenyewe. Ningetanguliza maji ya baridi, mguu ule ungeingia kwenye maji ya baridi. (Kuzama nako kupo, kwa hiyo siku hizi simwachi peke yake na beseni lolote lenye maji.)

Wengi hudhani maji ya kuogopa ni yanayochemka. Maji ya nyuzi 60, ambayo hata hayajakaribia kuchemka, yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde 5. Yakiwa nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa, na hapo mtu ana nafasi ya kujitoa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwake muda huo ni mfupi zaidi. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu anaweza kutumbukiza nyayo asihisi kitu, mpaka aone malengelenge.

Kiganja nacho ni shahidi wa uongo. Changu kimezoea sufuria, kitaniambia "vuguvugu" wakati mtoto angepiga ukelele. Yakoroge maji mpaka chini, kisha chovya kiwiko. Ya mtoto mchanga yawe nyuzi 37 au 38, yaani kiwiko kisione moto wala baridi.

Kwa wenye hita ya tangi, ushauri unaosikika sana ni kuishusha joto tu. Sikubaliani nao moja kwa moja, maana kwenye tangi la maji ya uvuguvugu bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana. Bora tangi libaki nyuzi 60, na fundi afunge vali ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika kwenye bomba la bafuni.

Mtu akishaungua, tafadhali, dawa ya meno ibaki kwenye mswaki. Mafuta na mayai vilevile. Mvue nguo na nepi upesi, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, kisha umwagie penye jeraha maji ya baridi yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20. Kwa mtoto anayelia, dakika 20 ni kama siku nzima. Tazama saa, usikisie. Kwingine mwilini mfunike asishikwe na baridi. Halafu hospitali.

Kwetu sasa birika haliingii bafuni kabla ya maji ya baridi kuwa ndani ya beseni. Nikiwa peke yangu naye, nachanganya maji mlango umekomewa, yeye yuko nje anaupiga makofi na kunifokea kwa lugha yake. Namwacha afoke.